Mzee Pembezoni mwa Uwanja wa Ngoma

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, ushauri juu ya mwili mara nyingi huwa na maneno mawili tu: fanya mazoezi. Hutamkwa wakati daftari la mgonjwa linafungwa na mwingine anaitwa. Mama wa miaka 65 huitikia kwa adabu, "Nimesikia, mwanangu," huchukua dawa zake, hurudi nyumbani, na mazoezi hayo hayafanyiki. Si mkaidi. Neno mazoezi kwake lina sura ya kijana aliyevaa bukta, anayekimbia kando ya barabara alfajiri, naye hawezi kujiona ndani ya sura hiyo. Lakini siku ya sherehe mtaani, ngoma ikianza kupigwa, mguu wake hufuata mdundo chini ya kiti. Hakuna aliyewahi kumuuliza kliniki kama anapenda kucheza.

Swali hilo ni la kitabibu. Kucheza ngoma hadharani pamoja na watu wengine ni mazoezi kamili kwa mwili wa uzeeni, na mhudumu wa afya anapaswa kuitaja ngoma kwa jina. Kinachomweka mzee pembezoni mwa uwanja mara nyingi si magoti, ni aibu. Nayo aibu ni ya namna mbili: moja inatokana na macho ya watu, nyingine inatokana na mwili wenyewe, na hii ya pili inatibika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima, wazee wakiwamo, wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa waliotimiza miaka 65 linaongeza mazoezi mchanganyiko ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, angalau siku 3 kwa wiki. Ngoma hukusanya mengi ya hayo kwa wakati mmoja: uzito huhama kutoka mguu huu hadi ule, magoti hukunjwa na kunyooshwa, kiuno huzunguka, mapigo ya moyo hupanda, na akili hukumbuka hatua inayofuata huku sikio likimsikiliza mpiga ngoma. Mkulima aliyeshika jembe kwa miaka 40 hakuwa na haja ya mwongozo huo. Mwenye haja ni mkulima yule yule baada ya kuhamia kwa mwanawe mjini, ndani ya nyumba yenye ukuta na geti, ambako kila akinyanyua ndoo huambiwa, "Bibi, pumzika." Mapumziko hayo, japo hutolewa kwa upendo, humla misuli ya mapaja.

Ushahidi upo, ila usitiwe chumvi. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 huko Bronx, New York, kwa takriban miaka 5. Miongoni mwa shughuli za mwili zilizochunguzwa, kucheza dansi peke yake ndiko kulikohusishwa na hatari ndogo ya demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kuhusishwa si kusababisha, maana anayeanza kusahau huenda akaacha dansi hata kabla ugonjwa wake haujatambuliwa. Kuhusu kuanguka, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi ya kuimarisha usimamaji hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo, lakini kwa dansi yenyewe uhakika haujapatikana. Basi mhudumu anayemwahidi mgonjwa kwamba ngoma itamkinga na kuvunjika nyonga anamdanganya. Anayemwambia kwamba itamtoa kitini na kumrudisha kati ya watu anasema kweli, na kwa mgonjwa wa presha kutoka kitini peke yake ni jambo kubwa.

Aibu ya macho ya watu ina historia yake. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa na mpaka mkali kati ya mchezaji na mtazamaji, na mtu mzima alikuwa na nafasi yake. Lelemama ya pwani, kwa mfano, ilichezwa na wanawake kwa mwendo wa taratibu, na vyama vyake vya Mombasa vilikuwa na vyeo vya heshima ambavyo mwanamke alivionea fahari. Baadaye ngoma ikapandishwa jukwaani. Tanganyika ilipoanzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, iliitwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ndoa hiyo ya maneno mawili haijavunjika vichwani mwa watu hadi leo. Vikundi vya vijana wenye sare hucheza mbele ya mgeni rasmi, nao wazee hupangwa vitini chini ya turubai. Aliyepewa kiti cha heshima akiinuka kucheza huonekana amejishusha. Kauli ya "mtu mzima hovyo" imewafunga watu miguu kuliko baridi yabisi.

Nchini China mambo yamekwenda vingine. Jioni, baada ya chakula, katika viwanja vya miji mingi ya nchi hiyo, wanawake waliostaafu hujipanga mistari, huwasha spika na kucheza pamoja. Wengi wao bado wana nguvu, kwa kuwa hadi mwisho wa mwaka 2024 mwanamke mfanyakazi wa kiwandani alistaafu akiwa na miaka 50, na wa ofisini 55. Chenye somo ni ile mistari. Wanaojua hatua husimama mbele. Mgeni husimama nyuma kabisa, hutazama miguu ya wenzake, na hukosea kwa amani, kwa sababu hakuna aliyeketi kumtazama. Ugomvi haukukosekana: majirani walilalamikia kelele, hata sheria ya uchafuzi wa kelele iliyoanza kutumika Juni 2022 ikagusa burudani na mazoezi ya viwanjani. Lakini huo ni ugomvi wa spika, si wa umri. Kikundi cha mtaani Dar es Salaam au Mwanza kinachotaka kupokea wazee kinaweza kuanzia hapo: kiondoe viti vya watazamaji, kiweke mstari wa nyuma.

Aibu ya pili haisemwi. Wanawake wengi waliozaa, hasa baada ya hedhi kukoma, huponyokwa na mkojo kidogo wanapokohoa, wanapocheka au wanaporuka. Mama anayejua hivyo hatasema kwamba hachezi kwa sababu ya mkojo. Atasema, "Magoti," au, "Nimezeeka," na kila mtu ataridhika. Mhudumu naye, akiwa na umri wa mwanawe au mjukuu wake, huona haya kuuliza, na hivyo tatizo lenye tiba humfungia mtu ndani kwa miaka. Kuuliza hakuhitaji maneno mengi: "Shikamoo, mama. Wanawake wengi wa umri wako huponyokwa na mkojo wakicheka au wakiruka. Kwako hali ikoje?" Neno "wengi" likitangulia, jibu huja kwa urahisi zaidi. Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yaani kuikaza misuli ile ile inayozuia mkojo, kuishikilia kwa sekunde chache na kuiachia, mara kadhaa kila siku kwa muda wa miezi 3 hivi, huwasaidia wengi bila dawa. Mkojo unaochoma, wenye damu au unaotiririka muda wote unahitaji uchunguzi. Wanaume nao wana lao: mwenye tezi dume iliyovimba hachezi mbali na choo, na viwanja vingi vya ngoma havina choo. Waandaaji wangejali choo na taa, wangepata wazee wengi kuliko wanaowapata kwa matangazo.

Yapo machache ya kupima kwanza. Mwenye maumivu ya kifua akipanda ngazi, anayeishiwa pumzi akilala chali, au aliyezimia hivi karibuni, amwone daktari kabla ya kucheza. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi ale kabla, awe na glukosi au pipi mfukoni, wala asicheze peku, maana mguu uliopoteza hisia hausemi ukichubuka. Ngoma hupendwa kuchezwa peku, lakini hapo desturi haina budi kupinda kidogo. Anayetumia dawa za presha asiinuke ghafla baada ya kuinama. Goti likiuma kidogo wakati wa kucheza si neno, likizidi hadi kesho yake hatua zipunguzwe. Dakika 10 za siku ya kwanza zinatosha. Kipimo cha kawaida husema kwamba mazoezi ni ya wastani ikiwa mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na bila shaka waliokibuni hawakuwa wakiimba wakicheza. Kwa ngoma, anayeitikia wimbo kwa vipande, akivuta pumzi katikati, yuko mahali pazuri.

Wapo ambao imani yao au msiba huwazuia kucheza. Hao wasisukumwe, wengine watapata mwendo wao katika kwaya inayoimba kwa hatua, wengine katika matembezi ya kikundi.

Mahali ambapo daftari la mgonjwa huandikwa "ameshauriwa mazoezi", paandikwe anacheza nini, wapi na siku gani. Akirudi kliniki, presha ikishapimwa, aulizwe hilo kwanza. Akisema bado hajaenda, aulizwe tena kuhusu magoti, na tena kuhusu mkojo.