Mikoko ya Muanda: tutembelee pwani yetu kabla haijabaki jina tu

Ukiuliza mtoto wa shule wa Bukavu, wa Kindu ao wa Lubumbashi ataje mbuga za inchi yetu, atakutajia Virunga, Kahuzi-Biega, Upemba, Garamba, pengine Salonga. Ni wachache sana watakaokumbuka Mbuga ya Bahari ya Mikoko, kule Muanda, katika jimbo la Kongo Central. Watu wazima nao si tofauti. Wengi wetu tunajua kwamba Kongo ina kipande cha bahari, lakini tunakiona kwenye ramani tu, kama mlango mdogo uliosahauliwa nyuma ya nyumba kubwa.

Mlango huo ni mdogo kweli. Pwani yetu yote ina karibu kilomita 40, kati ya Cabinda upande wa kaskazini na mto upande wa kusini, mahali ambapo Angola inaanza tena. Juu ya kipande hicho kimoja tumeweka kila kitu: bandari ya Banana, visima vya mafuta, vijiji vya wavuvi, mji wa Muanda unaokua, na mbuga. Maoni yangu ni haya: kati ya hivyo vyote, mbuga ndiyo itakayopotea ya kwanza kama sisi Wakongomani hatuendi kuitembelea. Na namna nzuri ya kuitembelea ni kwa miguu na kwa mtumbwi, polepole, pamoja na mtu wa kijiji anayeijua.

Kuko nini cha kuona?

Mbuga hiyo iliundwa tarehe 2 Mei 1992. Mwaka wa 1996 iliandikwa katika mapatano ya Ramsar, yanayolinda maeneo ya maji yenye maana kwa dunia nzima, na eneo lililoandikwa lina hektari 66,000. Inasimamiwa na ICCN, shirika lile lile linalolinda Virunga na Garamba.

Mikoko ni miti inayoota mahali ambapo maji ya chumvi na maji ya mto yanachanganyika. Mizizi yake inasimama juu ya matope kama miguu ya mtu anayevuka mto huku amepandisha suruali. Kwenye mlango wa mto Kongo kuna mikoko mirefu sana, mingine inapita mita 20. Chini yake samaki wadogo wanazaliwa na kujificha, kaa wanachimba mashimo, na kuna samaki fulani wa ajabu anayetoka majini na kuruka juu ya matope kama chura. Asubuhi mapema unaweza kuona mdiria akichungulia maji, mwari, korongo, na tai mvuvi ambaye sauti yake watu wa Tanganyika na wa Kivu wanaijua vizuri.

Halafu kuna nguva, yule ambaye wengi kwetu wanamjua kwa jina la Kifaransa la lamantin. Ni mnyama mkubwa wa majini, anaweza kupita kilo 400, lakini hana vita na mtu: anakula majani, anapumua hewa kama sisi, na ananyonyesha mtoto wake. Anazaa mtoto mmoja tu, kisha mimba inayochukua karibu mwaka mzima. Ndiyo maana ukiua wachache tu kila mwaka, unamaliza ukoo. Wachoraji wa Lubumbashi wamechora Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwa miaka na miaka, na kuna wanaosema kwamba hadithi za namna hiyo zilitoka kwa watu waliomuona nguva akitoa kichwa majini. Tuna picha ya Mamba Muntu ukutani, lakini mnyama mwenyewe anakufa katika nyavu na hatumjui.

Na kwenye mchanga wa pwani, kobe wa bahari wanapanda usiku kutaga mayai. Mmoja wao, kobe mkubwa mwenye mgongo kama ngozi, anaweza kuwa na kilo 500. Anavuka bahari, anakuja kuchimba shimo kwenye mchanga wetu, anafukia mayai na kurudi. Kisha karibu miezi miwili, watoto wanatoka na kukimbilia maji. Msimu wao ni wakati wa mvua, zaidi kati ya Novemba na Januari. Anayependa ndege na njia kavu, afazali aende kati ya Juni na Septemba, wakati mvua imesimama.

Kwa nini kutembea ni kulinda

Msomaji wa Goma anaweza kuuliza: sisi tuna shida zetu, vita imefunga njia za watalii hapa Kivu, mikoko ya Muanda inatuhusu nini?

Inatuhusu kwanza kwa sababu ya mto. Maji yanayopita mbele ya Kindu na Kisangani ndiyo hayo hayo yanayofika Banana. Mto wetu ni wa pili duniani kwa wingi wa maji nyuma ya Amazon. Unamwaga baharini karibu mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Mikoko ndiyo mahali ambapo safari yote hiyo inaishia. Chupa ya plastiki inayotupwa mtoni huku juu haipotei. Inatafuta bahari, na mizizi ya mikoko inaweza kuwa kituo chake cha mwisho.

Inatuhusu pia kwa sababu ya somo ambalo Kivu ilifundisha inchi nzima. Virunga imekuwa mbuga tangu mwaka wa 1925, ya kwanza katika Afrika. Imepita katika vita, wakimbizi, biashara ya makala na mipango ya kutafuta mafuta. Walinzi wake wengi walikufa. Lakini kila mara mtu alipotaka kuigusa, kulikuwa na sauti kubwa hapa na inchi za inje, kwa sababu watu walikuwa wameenda, wameona sokwe kwa macho yao, wamerudi na kusimulia. Muanda haina watu wa namna hiyo wa kutosha. Kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona, hakuna mtu atakayekililia.

Na hatari kule si hadithi. Mafuta yote ambayo inchi yetu inachimba mpaka leo yanatoka pwani hiyo, inchi kavu na baharini. Mwaka wa 2022 serikali ilitangaza kuuza vitalu 27 vya mafuta katika inchi nzima; mwaka wa 2024 ikafuta mnada huo. Mpango mmoja ukifutwa, mwingine unaweza kuandikwa. Mwaka huo huo wa 2022 jiwe la msingi la bandari ya maji marefu liliwekwa Banana. Bandari inahitajika, mimi siikatai: inchi kubwa namna hii haiwezi kungojea milele mizigo yake katika bandari za wengine. Lakini bandari inaleta meli, malori, watu wanaotafuta kazi, nyumba mpya, na wote hao wanapika. Miti ya mikoko inakatwa kwa kuni, kwa makala na kwa kukausha samaki kwa moshi. Bahari nayo inakula ukingo wa Muanda, udongo unaanguka mwaka kwa mwaka. Kuondoa mikoko, ambayo inashika matope na kupunguza nguvu ya maji, ni kumsaidia adui.

Majibu kwa wanaokataa

Wa kwanza wanasema: utalii ni wa matajiri. Mwalimu wa Kisangani atapata wapi pesa ya kufika Muanda? Ni kweli, safari ni ndefu. Kutoka Kinshasa unapita Matadi, kisha Boma, halafu unaingia kwenye barabara ya Muanda ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa vumbi na matope. Mtu wa mashariki anahitaji ndege kwanza. Lakini Kinshasa peke yake ina mamilioni ya watu, na Matadi na Boma ziko karibu zaidi. Kuna shule, vyuo vikuu, kwaya za kanisa, mutualité za wafanyakazi, vijana wanaolipa pesa nyingi kwa karamu ya usiku mmoja. Tuanze na hao. Sisi wa mbali tutakuja siku tukienda Kinshasa kwa kazi, tukiongeza siku tatu.

Wa pili wanasema: wageni wataharibu. Wana haki, kama wageni watakuja na muziki mkubwa, pikipiki kwenye mchanga na mifuko ya plastiki. Ndiyo maana ninasema kutembea kwa miguu. Kundi la watu wanane na kiongozi mmoja, bila kelele, haliharibu kitu. Usiku wa kobe, hakuna taa nyeupe wala kamera yenye mwangaza, kwa sababu mwangaza unampoteza mama na watoto wake. Hakuna anayegusa yai. Hakuna anayenunua nyama ya kobe ao ya nguva eti kwa kuonja. Anayetaka karamu, hoteli za mjini zinamtosha.

Wa tatu ndio wenye neno zito zaidi, na ni wakaaji wenyewe. Wanasema: mbuga ilikuja kutukatalia. Kampuni inachimba mafuta, meli kubwa zinavuta samaki, lakini mama anayekata mti mmoja wa kukaushia samaki ndiye anayekamatwa. Neno hilo haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Linajibiwa kwa pesa inayoonekana na kwa haki iliyo sawa. Mvuvi anayejua wapi nguva anakula asubuhi ana ujuzi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Akilipwa kuwaongoza wageni mara mbili kwa juma, nguva mzima atakuwa na bei kuliko nguva aliyekatwa vipande. Hapo hahitaji mlinzi mwenye bunduki nyuma yake.

Inawezekana, wengine wamefanya

Tusiseme kwamba hayo ni ndoto. Kwenye pwani ya Kenya, katika kijiji cha Gazi, wamama wa kijiji walijengewa njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Mgeni analipa, anatembea juu ya mbao bila kukanyaga mizizi, anaelezwa miti na kaa, kisha wamama wanampikia chakula cha pwani. Katika kijiji hicho hicho, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni inayoshikwa na miti tangu mwaka wa 2013, na mapato yakasaidia shule na maji. Huko Uganda, sheria inataka asilimia 20 ya pesa ya kuingia mbugani irudi kwa wakaaji wa jirani. Sisi tuna sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira asili. Karatasi hatukukosa. Tunakosa mazoea ya kuifuata.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne yasiyohitaji mabilioni.

Kwanza, ICCN na jimbo watengeneze njia mbili ao tatu fupi za mbao kutoka upande wa Muanda na Banana, pamoja na mitumbwi yenye koti za kuelea. Mafundi wako vijijini.

Pili, bei ya Mkongomani iandikwe wazi kwa franka za Kongo mahali pa kuingilia, na bei ya wanafunzi iwe ndogo kabisa. Hakuna kitu kinachofukuza mtu katika mbuga ya inchi yake kama kuambiwa bei kwa dola, tena bei inayobadilika kulingana na sura yake.

Tatu, sehemu ya kila kijiji ihesabiwe na kubandikwa ukutani kila miezi mitatu: wageni wangapi, pesa ngapi, imefanya nini. Pamoja na hiyo, wamama wanaokausha samaki wasaidiwe kupata majiko yanayokula kuni kidogo, na miti mingine ipandwe nje ya mbuga kwa kazi hiyo.

Nne, kampuni za mafuta na wajenzi wa bandari watangaze uchunguzi wao juu ya mazingira katika lugha ambazo wakaaji wanasoma. Mkaaji akijua kilichoahidiwa, ataweza kuuliza kilichofanyika.

Upande wetu sisi wananchi, kazi ni nyepesi zaidi. Walimu, wekeni Muanda katika somo la jografia, si kama jina la bandari tu. Wanaofanya safari za kanisa na za kazi, mwaka mmoja acheni karamu, nendeni mkatembee kwenye mikoko mkiwa na buti za mpira, maji ya kunywa na mfuko wa kurudisha uchafu wenu. Waandishi wa habari, msingoje mafuta yamwagike ndipo mukumbuke njia ya Muanda.

Inchi yetu ina mipaka na majirani tisa, na watu wanakufa kila siku kwa sababu ya mipaka hiyo. Mpaka mmoja tu hauna jirani wala bunduki mbele yake: ule wa bahari. Ni aibu kuuachia upotee kimya kimya, mti kwa mti na yai kwa yai, kwa sababu tu hatukuwahi kwenda kuutazama.