Kotile iko upande gani wa mto?

Mimi si mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne na C kavu, nikanunua pampu ya maji, nikawa nawakodishia kwa saa wakulima wa ukingo wa mto Tana hapa Kotile, Garissa. Lakini wapo vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, ambao hadi leo tukikutana njiani husema "Maalim", nami huitika, kwa sababu mwaka 2020 niliwafundisha Hisabati ya darasa la saba kwa wiki saba.

Mambo yalianzia Kamuthe. Tarehe 13 Januari mwaka huo, wanamgambo wa Al-Shabaab waliwaua walimu watatu huko, kwenye barabara yetu hii hii ya kwenda Garissa mjini. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ikaanza kuwahamisha walimu wasio wenyeji. Sijawahi kumlaumu mwalimu hata mmoja aliyefunga mzigo wake. Basi la Mandera lilikuwa limeshambuliwa Novemba 2014 na walimu walikuwa miongoni mwa waliouawa. Garissa University ikafuata Aprili 2015. Nani angebaki?

Shule yetu ikasalia na mwalimu mkuu na wenzake wawili. Wazee wakanifuata pale pampu inaponguruma: wewe si ulikuwa mkali wa hesabu? Wakanipa shilingi elfu tano kwa mwezi, zikipatikana. Mwezi wa pili nililipwa mbuzi mmoja na mkungu wa ndizi. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto sita, basi sehemu nikazifundisha kwa dizeli. Mtungi wa lita ishirini, wakulima watatu, mmoja kachukua robo, wa pili kachukua theluthi ya kilichobaki, wa tatu anastahili lita ngapi? Walipata haraka kuliko mimi. Mmoja akaniambia hesabu yangu haina ukweli, kwa sababu mwenye pampu naye hubakisha kidogo bila kusema. Darasa zima likacheka, nikacheka nao.

Machi ikaja korona. Darasa langu halikurudi shuleni hadi Januari 2021. Machi 2022 wakafanya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, karatasi ile ile na siku ile ile na mtoto wa akademia ya Nairobi aliyesoma kwa tableti mezani kwao muda wote ule. Alama zilipotoka, nikamsikia mtu redioni akieleza kwa utulivu kwamba jamii za wafugaji bado hazijathamini elimu. Nilikuwa nakunywa chai. Nilitamani kumwonyesha yule mbuzi.

Maneno hayo tumeyazoea, kama tulivyozoea mengine. Kaskazini Mashariki tulikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hadi 1991. Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1965, serikali ikachapisha Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema fedha za maendeleo zielekezwe penye ardhi nzuri na mvua, penye faida kubwa zaidi. Sisi tulikuwa na ng'ombe na vumbi. Kisha 1989 serikali ikawapiga msasa wa uraia Wasomali peke yao kati ya Wakenya wote, na aliyefaulu akapewa kadi ya rangi ya waridi aibebe pamoja na kitambulisho. Ya baba yangu iko bado kwenye kopo la majani ya chai. Hakuitupa hata baada ya kuambiwa haina kazi. "Huwezi kujua," alisema.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa dizeli, msichana wa familia ya Wamunyoyaya wanaolima mtoni, alipata C+ katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2025. Alama hiyo inamfikisha chuo kikuu. Mkopo wa serikali wa masomo, HELB, unataka kitambulisho. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba kupigwa msasa kwa ajili ya vitambulisho kumekwisha, na siku ile tulishangilia kweli. Lakini tangazo ni kitu kimoja na mtu aliyekaa nyuma ya dawati ni kitu kingine. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, msichana yule alitakiwa kuleta karatasi za babu yake, kisha akaulizwa mbona hafanani na Wasomali. Fikiria hilo. Mimi hushushwa kwenye basi na polisi pale daraja la Tana kwa sababu nafanana na Wasomali. Yeye anacheleweshwa kwa sababu hafanani nao.

Sisi Wasomali tuseme ukweli hapa. Huyo mtoto hakuanza kuulizwa ofisini. Aliulizwa kwanza na sisi, kisimani na kwenye foleni ya chakula cha msaada, kwa nywele zake na weusi wake. Tunalalamika Nairobi inatutenga, kisha jioni tunarudi nyumbani kufanya yale yale kwa mkulima jirani. Afisa yule alijifunza swali lake kwetu.

Na bado rangi na kabila havimalizi habari. Kuna watoto wa Garissa, Wasomali kama mimi, wenye sura ile ile inayoshushwa kwenye basi, ambao hawajawahi kulala Garissa usiku mmoja. Wazazi wao wana maduka Eastleigh, Nairobi, wamewasomesha vizuri, na hongera kwao, biashara ni jasho. Shida huanza pale kitu kinapotengwa kwa ajili ya kaunti zilizoachwa nyuma: nafasi ya shule kubwa, basari, ajira za polisi zinazogawanywa kwa maeneo. Hapo kila mtu hukumbuka kwao. Kitambulisho cha baba kinasema Garissa, basi mtoto ni wa Garissa, na kwenye takwimu itaandikwa kwamba Garissa imepata mgao wake. Garissa imepata. Kotile haijapata.

Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iwape makundi yaliyotengwa nafasi za pekee katika elimu na ajira. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Ninachotaka kibadilike ni kipimo. Tusiangalie baba alizaliwa wapi, tuangalie mtoto alikaa dawati gani. Si vigumu: namba ya mtihani wa KCPE ilianza na tarakimu za shule yenyewe. Aliyesoma msingi Kotile, Hulugho au Sangailu, awe Msomali, Mmunyoyaya au mtoto wa mwalimu Mkamba aliyeamua kubaki, ndiye mgao huu ulitengwa kwa ajili yake. Najua nitajibiwa kwamba wapo maskini wa Garissa wanaoishi vibandani Nairobi baada ya ukame kuwamalizia mifugo. Wapo, na wanastahili msaada, ila waupate kwa umaskini wao, si kwa kukalia kiti cha mwingine. Na wakubwa wetu wa kisiasa, ambao watoto wao hawasomi katika shule wanazozizindua kwa mkasi, watalipinga pendekezo hili kwa lugha tamu ya umoja wa ukoo.

Mimi nami sina mikono safi. Mwezi uliopita simu iliita nikiwa nabadilisha oili ya pampu. Alikuwa mtoto wa binamu yangu, kijana mwenye adabu, amezaliwa na kusomea Nairobi, huniita adeer, yaani ami.

"Adeer, nimepata fomu ya basari. Wameuliza kata ndogo na jina la chifu."

Nikamtajia.

"Na hapa wanataka nieleze mahali nyumba ilipo. Adeer, Kotile iko upande gani wa mto?"

Nikamwambia mashariki. Nikamwandikia na ujumbe asikosee. Fomu ikaletwa kwa basi, nikaipeleka mwenyewe kwa chifu. Pale kwenye benchi, na bahasha yake mkononi, alikuwa ameketi yule msichana wa C+. Alisimama kunipisha.

"Tangulia wewe, Maalim."

Nikatangulia.