Wahenga Hawakusema Hivyo

Kama ulifanya KCPE, hebu tujaribu kitu. Nikisema "majogoo yaliwika", wewe unaendelea vipi? Najua. Ulirauka. Hukuamka kama binadamu, ulirauka. Ukajitoma hamamuni, ukakoga, ukastaftahi, ukatoka shoti kama mshale. Na mistari mitatu kabla ya mwisho wahenga walikuwa wanakungoja, nawe ukaandika kwamba hawakupiga chuku walipolonga.

Nyumbani kwetu hakukuwa na hamamu. Kulikuwa na bafu moja la mabati la ploti nzima, nyumba kumi na mbili, na foleni ya ndoo. Jogoo pia hakukuwa, mwenye ploti alikataza kuku. Lakini kuanzia darasa la sita hadi la nane sikuwahi andika insha ambayo jogoo hakuwika. Hakuna siku mwalimu aliniuliza huyo jogoo ni wa nani.

Wacha niseme bila kuzunguka. Somo la insha kwa shule zetu za msingi ni mafunzo ya uongo. Na tafadhali usiniambie huo ni ubunifu. Anayebuni huona kitu ambacho hakipo mpaka wewe msomaji unakiona pia. Sisi tulifunzwa kuandika vitu ambavyo hata sisi wenyewe hatukuviona, tukapewa alama kulingana na idadi yavyo.

Kwa wale mlisoma kwingine, ilikuwa hivi. Insha ya KCPE ilikuwa dakika 40 na ilisahihishwa kwa alama 40. Kwa hivyo darasa lote liliishi kuelekea hizo dakika. Jumatatu tulinakili mapambo kutoka ubaoni: tashbihi, tanakali za sauti, nahau. Tuliyaandika nyuma ya daftari, tukiligeuza juu chini, ili yasichanganyike na masomo mengine. Jumatano kulikuwa na mashindano ya methali. Mwalimu anaanza, unamalizia. Usipojua unasimama. Watakaobaki wamesimama mwisho wa kipindi wanaonja kiboko. Kuchapa wanafunzi kulipigwa marufuku nchini 2001, mimi nikiwa na miaka miwili. Mwaka wa 2012 hizo habari zilikuwa bado hazijafika darasa letu.

Ijumaa baada ya chai sasa ndiyo tunaandika. Mwalimu wetu alikuwa anasahihisha haraka ajabu, na baadaye nilielewa siri yake. Hakuwa anasoma. Alikuwa anatafuta. Akiona "mithili ya", tiki ndogo chini yake. Akiona methali, tiki. Akifika mwisho anahesabu tiki, anaangalia kama mwandiko umenyooka, anaandika namba.

Nilikuwa bingwa wa hiyo michezo. Ukiniuliza kwa nini nachukia insha, sichukii kama mtu aliyeshindwa. Darasa la saba nilipata 38 kwa insha ya "Siku ambayo sitaisahau", kuhusu arusi ya kaka yangu mkubwa. Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Sikuwa na kaka. Sikuwa nimewahi hudhuria arusi, labda ile ya kanisani ambapo tulikaa nje tukingoja soda. Niliandika mabibi harusi waliometameta, wali uliotoa mvuke, hoihoi na vigelegele, na mwisho nikafunga na chanda chema huvikwa pete. Ilisomwa mbele ya shule nzima Jumatatu kwenye gwaride. Ikabandikwa ukutani na gundi ya unga.

Wiki hiyo hiyo, kichwa hicho hicho, mwenzangu wa dawati alipata 15.

Tulikuwa tunaishi Karagita, Naivasha, kando ya barabara ya ziwa. Karibu kila mzazi alifanya kazi kwa maua. Januari inapokaribia mwisho mama zetu wanaanza kurudi saa tatu, saa nne usiku, kwa sababu kuna watu Ulaya wanataka waridi kabla ya tarehe 14 Februari. Halafu hiyo tarehe inapita na kampuni zinapunguza watu. Hatukuhitaji kalenda. Huyu msichana aliandika kuhusu siku mamake alirudi saa sita mchana. Aliandika kwamba mama hakusema kitu. Alivua viatu vyake vya mpira vya kazini, akaviweka juu ya meza, akalala na nguo za kazi. Sentensi iliyofuata bado naijua: "Hakuna mtu huweka viatu juu ya meza." Kisha aliandika vile yeye na wadogo wake walikula chakula cha jioni wakiwa wamekaa chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuvitoa viatu pale.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilihisi kitu tumboni nikisoma. Lakini nilikuwa nimefunzwa, kwa hivyo nilicheka. Nilimwambia, hujaweka hata methali moja. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Pamba kazi yako." Akamwagiza anakili insha yangu yote kwenye daftari lake, ajue vile watu huandika. Alinakili arusi ya kaka yangu ambaye hayuko, neno kwa neno, nikiwa nimekaa hapo kando yake. Mimi nilijipiga kifua. Hiyo ndiyo sehemu sipendi kukumbuka.

Sasa nielezeni. Yeye ndiye aliyekuwa ameona. Alichagua kitu kimoja, viatu, na hakutuambia tuhisi nini. Watu hulipa pesa nzuri kufundishwa hivyo kwenye warsha za uandishi Nairobi, nimehudhuria mbili, chai na mandazi ndani. Yeye alikuwa anaijua kwa dawati la watu watatu. Na sisi tukamrekebisha.

Nilienda chuo kikuu, nikatoka mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani. Kazi ya kwanza niliyopata ni hii ambayo vijana wengi wa rika langu wanaijua, kuandikia wanafunzi wa ng'ambo asainmenti zao. Niliandika tafakuri ya mwanafunzi wa uuguzi kuhusu mgonjwa wake wa kwanza kufa. Mimi, ambaye hata sindano naogopa. Mteja alifurahi, alisema inagusa moyo. Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kuandika mambo ya mtu mwingine nikiwa na uso mkavu vile, nasema darasa la saba, Ijumaa, baada ya chai. Watu hucheka wakidhani natania.

Najua majibu ya walimu, kwa sababu nina shangazi wawili walimu na tumebishana kwa hii meza ya mama mpaka chai ikapoa. La kwanza: mapambo hukuza msamiati. Ukweli? Tuliishi kilomita chache kutoka ziwani. Usiku viboko walitoka majini kula nyasi na mboga za watu, na kuna watu waliouawa nao. Kulikuwa na mafunjo, kulikuwa na furukombe, mvuvi anayekimbizana na maafisa kwa sababu ya nyavu, mlima Longonot umekaa pale nyuma kila asubuhi. Hakuna hata kimoja cha hivyo kilichowahi kuingia kwa insha zetu. Kiboko pekee aliyejulikana darasani alikuwa yule wa mwalimu. Lakini bahari, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, tuliogelea ndani yake kila wiki: bahari ya furaha, bahari ya huzuni, bahari yenye kina cha mawazo. Huo si msamiati uliokua. Ni watoto wa Bonde la Ufa waliovishwa kanzu za kukodi, tena kanzu ambazo Mswahili wa Lamu akiziona atauliza nani ameshona. Hakuna mtu Lamu anayerauka kila sentensi.

Na msinitolee Ken Walibora kama ushahidi. Ndiyo, Siku Njema imejaa lugha tamu. Lakini Kongowea anatoka Tanga kuja kumtafuta babake Kenya, na kila neno tamu mle limebeba mzigo wa huyo mtoto. Ondoa mtoto ubaki na utamu, utapata insha ya 38 kwa 40.

La pili ndilo linaniuma, kwa sababu ni kweli. Shangazi mmoja aliniambia: wewe ulisomeka na mwalimu mmoja mkiwa wangapi? Tulikuwa sabini na nne. Tangu elimu ya msingi iwe bila malipo 2003, madarasa ya shule za umma yalifurika na walimu hawakuongezwa kwa kiwango hicho. Insha sabini na nne kila Ijumaa, ukisoma kwa moyo dakika tano kila moja, ni zaidi ya saa sita. Hapo bado hujasahihisha lugha, hujarudi nyumbani kupika. Kwa hivyo unahesabu tiki. Simlaumu mwalimu wangu kwa kuhesabu, nikiwa yeye ningehesabu. Namlaumu kwa kuniamini kuliko alivyomwamini yule mwingine. Kusoma sentensi ya viatu hakuchukui dakika tano. Kunachukua sekunde mbili, na ukiisoma huwezi kusema "pamba".

Mtu atasema hayo ni mambo ya 8-4-4, na KCPE ilizikwa 2023. Ni kweli ilizikwa. Mtaala mpya umeandika ubunifu kati ya umilisi wake wa msingi, na KPSEA ya Gredi ya 6 ni kuchagua jibu, haina insha kabisa. Kwa hivyo hakuna tena mtihani wa kusingizia. Basi juzi binti ya dada yangu, Gredi ya 5, akaniletea kazi yake ya nyumbani akisema, "Anko, nisaidie mapambo." Alikuwa na kijitabu kidogo kilichonunuliwa mtaani. Ukurasa wa kwanza, majogoo. Nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Nilimwambia akifunge, aniambie ni nini kilitendeka wiki hii. Akaniambia vile kiboko aliingia shambani kwa nyanyake usiku akala sukuma yote, na asubuhi nyanya akasimama pale akahesabu nyayo, akasema, "Alikuwa mmoja tu, lakini alikuwa na njaa." Nikamwambia aandike hiyo. Akaandika. Ilirudi na alama ya bluu, siku hizi hawatumii nyekundu: "Anakaribia matarajio." Matarajio ya nani, hilo ndilo ningependa wizara inijibu. Pembeni palikuwa pameandikwa, "Tumia methali."

Siombi mambo makubwa. Siombi madarasa ya watoto ishirini, nchi hii tunaijua. Naomba mwalimu wa Ijumaa asome insha tatu tu kwa makini, si sabini na nne, na zile tatu zisitoke kwa watoto wa mbele. Naomba mtoto aulizwe swali moja: hii uliiona wapi? Na insha inayosomwa gwarideni iwe ile ambayo shule yote inajua ni ya kweli kwa sababu shule yote inamjua mama wa mtoto.

Mwezi wa Desemba nilikuwa nyumbani Karagita. Nilimpata mwenzangu wa dawati stejini anauza samaki wa kukaanga, mtoto mgongoni, mcheshi vile vile. Tuliongea ya shule. Nilimwambia nimekuwa nikifikiria ile insha yake, ile ya viatu juu ya meza. Aliniangalia akijaribu kukumbuka, akatikisa kichwa. "Gani hiyo?" aliuliza. "Mimi nakumbuka ile yako." Akafuta mikono kwa aproni, akasimama wima kama tuko gwarideni, na akaikariri arusi ya kaka yangu kutoka jogoo mpaka chanda chema, bila kukosea hata neno moja.