Kismayo: ufukwe ulitwaliwa usiku mmoja, bandari bado inagombewa

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012, manowari za Kenya zilisogelea pwani ya Kismayo, kusini mwa Somalia. Kabla ya mapambazuko askari walikuwa wamekwisha kuteremka ufukweni, kaskazini mwa mji. Usiku uliofuata al-Shabaab wakaiacha ngome yao kubwa ya mwisho na kutokomea nyikani.

Kwa msomaji wa Ludara, ambako bahari hujulikana kwa masimulizi tu, huenda tukio hilo likaonekana la mbali. Lakini Waganda walikuwa wa kwanza kuingia Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, mwezi Machi 2007, na hadi kikosi kipya cha AUSSOM kilipoanza kazi Januari 2025, Uganda ilikuwa bado miongoni mwa nchi zinazochangia askari. Kikosi kimebadili jina mara mbili, kutoka AMISOM hadi ATMIS, kisha AUSSOM. Wazazi wenye vijana katika jeshi wana haki ya kuuliza kwa nini kazi hiyo haiishi. Kismayo inatoa sehemu ya jibu.

Kwanza, mji ule haukutwaliwa na manowari peke yake. Kenya ilikuwa imevuka mpaka kwa miguu na magari Oktoba 2011, mvua ikanyesha, na misafara ikazama katika matope kwa wiki nyingi. Mji wa Afmadow, ulio katika njia ya Kismayo, ulipatikana mwishoni mwa Mei 2012 tu, kwa msaada wa wapiganaji wa Kisomali wa Ahmed Madobe, mtu aliyeijua Kismayo vizuri kwa kuwa aliwahi kuwa gavana wake mwaka 2006. Waethiopia walikuwa wameichukua Baidoa mwezi Februari. Waganda na Warundi, baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba mjini Mogadishu, walikuwa wakiwasukuma al-Shabaab nje ya mji mkuu, na mwezi Agosti wakafika Marka. Manowari zilipotokea, adui alikuwa amekwisha kukonda. Sifa za usiku ule zilikwenda kwa wanamaji, nao walizistahili, ila sehemu yake kubwa ni ya askari wa miguu ambao hawakuiona Kismayo kabisa.

Ni nini hutokea maandalizi ya namna hiyo yanapokosekana? Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mfano wake, nao ni Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka India askari wapatao 8,000, waliochoshwa na safari ndefu ya bahari, kuuteka mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 2, badala ya kushambulia kwa ghafla, manowari Fox ilitangulia bandarini na nahodha wake akadai mji usalimu amri. Mji haukusalimu. Kamanda Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akapata muda wa kuwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, na jumla yao ilikuwa kama 1,000 tu. Jenerali Aitken hakuwa amepeleleza nchi vya kutosha, na aliikataa ahadi ya msaada wa askari wa Keya wenye kuijua vita ya vichakani. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, katika mashamba ya minazi na mpira, ambako hata nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia wapiganaji. Siku iliyofuata Waingereza walirudi melini, wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 800 kwa kufa, kujeruhiwa na kutoweka, na kuacha ufukweni bunduki za rashasha na risasi kama 600,000. Adui alizitumia.

Baada ya aibu hiyo na miaka ya vita iliyofuata, Keya ilipanuliwa hadi vikosi 22 kufikia 1918. Mwaka ule ule wa 1914 ndipo West Nile ilipounganishwa na Uganda, na Kiswahili cha Koboko na Arua kilikuja kwa sehemu kubwa kwa njia ya kambi hizo. Tanga si hadithi ya watu wengine.

Kupanga kuzuri huendelea hata baada ya ufukwe kupatikana. Mwaka 1944 washirika walipoivuka bahari kwenda Normandy, waliahirisha safari kwa siku moja kwa sababu ya hali ya hewa, na walivuta nyuma yao bandari nzima zilizoundwa Uingereza, kwa kuwa walijua jeshi lisilo na bandari hufa njaa. Kismayo mambo yalikuwa kinyume: bandari ilikuwapo, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mwaka 2011 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba al-Shabaab walikuwa wakipata dola milioni 35 hadi 50 kwa mwaka kutoka bandari ya Kismayo na nyingine mbili ndogo. Azimio namba 2036 la Februari 2012 lilipiga marufuku biashara ya makaa ya Somalia. Hata hivyo, wachunguzi hao hao waliripoti mwaka 2013 kwamba makaa yaliendelea kusafirishwa kutoka Kismayo baada ya mji kubadili mikono. Nani angekusanya ushuru, na kwa jina la serikali ipi? Swali hilo halikuwa na jibu lililokubaliwa na wote siku askari walipoteremka. Juni 2013 wapiganaji wa Madobe na wapinzani wake walirushiana risasi ndani ya mji huo. Mkataba wa Addis Ababa wa Agosti 2013 uliitambua serikali yake ya mpito ya Jubaland, na ukasema bandari ikabidhiwe serikali kuu ya Mogadishu baada ya miezi sita.

Desemba 2024 majeshi ya Jubaland na ya serikali kuu yalipigana Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Al-Shabaab hawakuwa upande wowote wa vita hiyo. Majuma machache baadaye AUSSOM ilianza kazi, ikiwa haina fedha za uhakika.