TAJIRI NAYE AJIBU



Kila mara kampani ya ndege inapotangaza kazi, vijana wetu wenye leseni mpya huitwa mbele ya meza ya mahojiano. Upande huu amekaa kijana, tai shingoni, viganja vimelowa jasho. Upande ule wamekaa makapteni wawili na bwana wa ofisi ya wafanyakazi. Kwanza ataulizwa saa alizoruka na ndege alizozizoea. Hayo ni mepesi. Kisha yanakuja maswali yenyewe:

“Kapteni wako anang’ang’ania kutua na ndege haijakaa sawa. Utafanya nini?”

“Umefika kazini, kapteni ananuka pombe. Utafanya nini?”

“Saa zako za kazi zinakaribia kwisha, abiria wamejaa, ofisi inakuomba umalizie safari moja tu. Utafanya nini?”

Haya ndiyo maswali ya busara na uamuzi. Chama hakiyapingi. Ni maswali ya haki, kwa kuwa watu wamekufa kwa kukosa majibu yake. Tunachopinga ni jambo moja: katika chumba kile anayejibu ni mfanyakazi peke yake. Tajiri huuliza, akafunga faili, akaenda zake.

Tutazame kwanza kwa nini maswali haya ni mazito.

Machi 27, 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, ukungu ulikuwa umetanda. Ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Kapteni wa KLM alikuwa mwalimu mkubwa katika kampani yake, mtu wa kuogopwa na kuheshimiwa. Aliikimbiza ndege kabla ya kupata ruhusa ya kuruka. Fundi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ya Pan Am imekwisha toka njiani. Kapteni akajibu kwa mkato kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Kumbukeni pia kwamba wafanyakazi wa ndege ile walikuwa wakihesabu saa zao za kazi, wakihofia zitawaishia kabla ya kufika kwao. Sheria ya saa ni ngao ya mfanyakazi. Lakini mahali ambapo hakuna anayethubutu kusema “basi, tulale hapa”, ngao hiyo hugeuka kiboko.

Na sisi tuna msiba wetu. Mei 5, 2007, usiku wa manane, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Cameroon, wakati wa mvua ya radi, bila ruhusa ya mnara. Ikaanza kuinama kulia pole pole, na marubani wote wawili hawakuliona jambo hilo mapema. Haikumaliza dakika mbili angani. Watu 114 walikufa. Uchunguzi uliofanywa Cameroon ulitaja, pamoja na mengine, kwamba marubani wale hawakushirikiana kazini ipasavyo. Hatuwalaumu marehemu. Twasema tu kwamba ushirikiano hauanzi angani. Huanza chini, katika jinsi mkubwa anavyopokea neno la mdogo.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika chumba cha marubani ni kinyume. Ulimi ukijikwaa watu watacheka. Ulimi ukinyamaza watu watazikwa.

Basi kijana ajibu vipi? Wako watu siku hizi wanaouza majibu ya kukariri. Msitupe pesa. Anayehoji ameyasikia mara mia, na akiongeza swali la pili tu jibu la kukariri huanguka. Jibu jema ni njia ya kufikiri, na njia yenyewe ni hii.

Kwanza, sema kwamba ndege itaendelea kurushwa na mtu anayeitazama, kisha eleza unachokijua na muda ulio nao. Pili, sema neno wazi lenye namba: “Kapteni, tuko futi 500, mwendo umezidi, tuache kutua, tupae tena.” Usiseme “Nadhani labda, bwana.” Tatu, asiposikia, rudia kwa nguvu zaidi. Nne, asiposikia tena na hatari ipo, shika usukani na upae. Tano, mkisha tua salama, zungumzeni, kisha andika ripoti.

Juu ya pombe, usimshitaki mtu mbele ya abiria, wala usimfiche. Zungumza naye kando, mwambie asiruke, na piga simu kwa mkubwa wa zamu. Ndege isiondoke naye. Juu ya saa za kazi, hesabu zako uzijue, na kama umechoka sema umechoka.

Usijifanye shujaa anayepigana na kila kapteni. Usijifanye kondoo pia. Wakikuuliza kosa lako, taja kosa la kweli na ulichojifunza. Rubani asiye na kosa ni mwongo au hajaruka.

Sasa tugeukie upande wa pili wa meza.

Mimi ninayeandika haya nilikaa kwenye kiti kile. Niliulizwa hivi: kiwanja cha majani kimelowa, wingu limeshuka, abiria ni watalii waliolipa pesa nyingi, je, utatua? Nikajibu: sitatui, nitakwenda kiwanja kingine. Wakaitikia kwa vichwa, wakatabasamu. Kazi nikaipata.

Mwaka haukuisha, swali lile likaja tena, safari hii likiulizwa na mvua. Nikafanya vile vile nilivyojibu. Watalii walilala mji mwingine na kampani ikalipa hoteli. Asubuhi nikaitwa ofisini. Hakuna aliyeniambia nimekosa. Niliulizwa tu kwa nini wenzangu walitua hapo hapo wiki ile. Mwezi uliofuata safari zangu zikapungua kwenye orodha, na malipo ya saa za kuruka yakapungua nazo. Aliyeandika orodha ile ni yule yule bwana aliyetabasamu siku ya mahojiano!

Ndugu, huo ni uamuzi wa nani uliopimwa? Wangu au wake?

Watatuambia sheria ipo. Ni kweli. Kanuni za anga zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zampa kapteni neno la mwisho juu ya ndege anayoiongoza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, yasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kufukuzwa, ila lalamiko likiwa la upuuzi lisilo na msingi. Lakini mimi sikufukuzwa. Nilipunguziwa. Orodha ya safari haina kifungu.

Wengine watasema kijana naye aulize. Sawa, wakimwambia “Una swali?”, aulize kwa adabu: “Mara ya mwisho rubani wenu alipokataa kutua, kesho yake kulikuwaje?” Lakini tunaijua njaa. Kijana ambaye wazazi wake wameuza shamba kulipia leseni hataki kumuudhi mtu mwenye kalamu. Kwa hiyo swali hilo lisiachwe shingoni mwake. Ni swali la Chama, na mahali pake ni meza ya mapatano. Tunataka haya yaandikwe:

1. Rubani aliyekataa kuruka au kutua kwa ajili ya usalama asipunguziwe saa, malipo wala cheo.

2. Aliyesema amechoka asibembelezwe wala kutishwa kwa simu.

3. Ripoti za usalama zisomwe na kamati yenye mjumbe wa Chama, na orodha za safari zikaguliwe na kamati hiyo.

Kijana wetu atatoa jibu lake, na atalilipia kwa maisha yake akikosea. Tajiri naye atoe lake, kwa maandishi, na sahihi chini.

Njoni mkutanoni. Mmoja akisema hapana huitwa mkaidi. Tukisema wote, huitwa mapatano.

UMOJA NI NGUVU!