Pima pH kabla ya kuzidisha mbolea
Ndugu mwandishi wa makala, hapo uliposema majani yakigeuka njano tuongeze mbolea, sikubaliani nawe kabisa. Nyanya zangu za kwenye ndoo za kokopiti, hapa Dodoma, majani machanga yaligeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Nikazidisha mbolea, EC (kipimo cha chumvi za mbolea kwenye maji) ikafika 4, ncha zikaungua. Kumbe pH ya maji hayo ya mbolea ilikuwa 7.6! Maji ya kisima changu yana bikaboneti nyingi, na pH ikiwa juu hivyo mizizi haifyonzi vizuri madini ya chuma. Nilipoishusha hadi 6 kwa asidi ya fosforiki, tone kwa tone, majani mapya yakatoka kijani. Na wewe uliyeuliza hapo juu upime pH wakati gani: changanya mbolea kwanza, koroga, ndipo upime pH, maana mbolea yenyewe huibadilisha.