Bahari Iko Mbali, Lakini Maji Ni Yetu

Sisi tunaoishi Lubumbashi twaweza kudhani kwamba habari za bahari kupanda hazituhusu. Hata hivyo, maji ya mto Lubumbashi huingia Kafubu, nayo Kafubu huingia Luapula. Kutoka ziwa Mweru hushuka kwa Luvua hadi Lualaba, na mwishowe humwagika katika Atlantiki karibu na Banana. Huko, kwenye pwani yetu fupi isiyofika hata kilomita 50, iko misitu ya mikoko, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992.

Mikoko huota katika tope, mahali ambapo maji ya chumvi na maji matamu hukutana. Mizizi yake hunasa matope, hupunguza nguvu ya mawimbi na huwapa samaki wadogo maficho. Bahari inapopanda polepole, msitu huo waweza kujiokoa kwa njia mbili: kuinuka pamoja na matope unayoyakusanya, au kusogea bara kidogo kidogo, mbegu zikiota nyuma ya miti ya zamani. Lakini kasi ikizidi, mizizi huzama na kukosa hewa. Na pale ambapo nyuma ya msitu pamejengwa nyumba au barabara, hapana tena mahali pa kukimbilia. Chumvi nayo hupenya katika vinamasi vya maji matamu na kuua miti isiyoizoea. Tangu mwanzo wa karne ya 20, bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, na mwendo unaongezeka.

Wako wasemao: kosa ni la nchi zenye viwanda vingi, sisi tufanye nini? Ni kweli, mzigo mkubwa ni wao, nasi tuna haki ya kulisema hilo bila woga. Lakini shoka halitoki ng'ambo. Huko pwani mikoko hukatwa kwa kuni na makala, na msitu uliojeruhiwa hauna nguvu ya kushindana na bahari. Sisi nasi twateketeza miombo kwa ajili ya makala. Tofauti ni hii: mti wa miombo ukikatwa, kisiki chake huchipua kikiachwa bila moto wala jembe, mkoko wenye mizizi kama magongo, mara nyingi, haurudi tena.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, hakuona mikoko kuwa jambo dogo mno kutajwa. Hatumlaumu mama auzaye makala, wala familia ipikayo kwa makala umeme unapokatika. Twasema tu kwamba kupanda miti siku moja ya sherehe hakutoshi, ikiwa visiki vya porini vinachomwa kila kiangazi. Vikundi vyetu na vikubaliane juu ya mambo mawili: kupika kwa mbabula isiyopoteza moto, na kuvilinda visiki vilivyo karibu nasi. Mti ulio hai porini kwetu huhifadhi hewa ya ukaa ambayo, ikiachiliwa, huipasha dunia joto na kuiinua bahari hata kule tusikofika.